Kujilaumu: Kati ya Kosa na Mkosaji

Yako maoni yaliyoenea kwamba mtu anayejishutumu kwa ukali ndiye atakayejirekebisha upesi. Maoni hayo yanaweza kuchunguzwa kwa kumtazama mhusika mmoja wa tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo Breaking Bad, iliyobuniwa na Vince Gilligan na kuonyeshwa tangu mwaka 2008 hadi 2013.

Mhusika huyo ni Jesse Pinkman, aliyeigizwa na Aaron Paul. Jesse ni kijana wa mji wa Albuquerque anayetengeneza dawa ya kulevya, methamfetamini, pamoja na Walter White, aliyepata kuwa mwalimu wake wa kemia katika shule ya sekondari. Mapema katika tamthilia huonekana karatasi ya mtihani wa zamani wa Jesse. Alishindwa, na mwalimu aliandika juu yake kwamba kazi ile ni kichekesho, tena mwanafunzi ajibidiishe.

Baadaye mpenzi wake, Jane, anafariki baada ya kutumia heroini. Jesse hajui kwamba Walter alikuwapo, akamwona Jane akipaliwa na matapishi asimwokoe. Hivyo lawama yote anaitwika mwenyewe. Katika kituo cha matibabu, kiongozi wa kikao anasimulia jinsi alivyomuua binti yake kwa gari akiwa amelewa, na anafundisha kwamba kujichukia humzuia mtu kubadilika. Jesse anayapokea mafundisho hayo kwa namna ya ajabu. Katika kipindi kilichoonyeshwa mwaka 2010, anamwambia Walter kwamba amekwisha kujikubali alivyo: yeye ni mtu mbaya. Haupiti muda mrefu, anarudia kutengeneza dawa ile ile.

Kwa nini hukumu kali hivyo isimwongoze kwenye wema? Mwaka 1979 mwanasaikolojia Ronnie Janoff-Bulman alipambanua aina mbili za kujilaumu. Ya kwanza hulaumu kitendo: "Nilifanya vibaya." Ya pili hulaumu tabia au nafsi nzima: "Mimi ni mbaya." Alipowachunguza wanafunzi wa kike wa chuo, aliona kwamba wenye sonona walijilaumu zaidi kwa namna ya pili. Sababu yaeleweka. Kitendo chaweza kuachwa kesho. Lakini mtu akiamini kwamba ubaya ndio asili yake, haoni tena haja ya kujitahidi. Hukumu yake mwenyewe inakuwa ruhusa ya kuendelea.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba dawa yake ni kusamehe kila jambo. Katika kipindi cha mwaka 2011, Jesse, aliyekwisha kumuua mtu, anakiri kikaoni kwa mafumbo, akisema kwamba aliua mbwa. Kiongozi anapokataa kumhukumu, Jesse anakasirika: ikiwa kila mtu hujikubali tu, matendo yana maana gani? Swali hilo ni la haki. Dhamiri hudai kosa liitwe kosa.

Njia ya kati ilipimwa na Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Wanafunzi walifanya jaribio gumu la msamiati. Baadhi waliambiwa kwamba kulemewa na jaribio kama hilo ni jambo la kawaida, wasijitese. Wengine walisifiwa akili zao. Wengine hawakuambiwa neno. Wale wa kwanza ndio waliojisomea kwa muda mrefu zaidi kabla ya jaribio la pili. Walioonewa huruma hawakulegea. Walipata nguvu ya kuyatazama makosa yao.

Wahenga walisema: kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Methali hiyo hukiweka kitendo mbele, na humwachia mkosaji nafasi ya kugeuka. Mwalimu asahihishaye daftari anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuonyesha hatua gani ya hesabu imekosewa na namna ya kuirekebisha, bila kumpa mwanafunzi jina la mjinga.

Maswali ya kujadili

1. Taja tofauti kati ya kulaumu kitendo na kulaumu nafsi.
2. Kwa nini Jesse alikataa kusamehewa kwa urahisi?
3. Mwanafunzi amesema, "Mimi sina kichwa cha hesabu." Igeuze kauli hiyo iwe lawama juu ya kitendo.