Neno la Mgonjwa na Neno la Daktari: Misingi ya Kuandika Makala ya Afya Inayopatikana Mtandaoni

Utangulizi

Miaka michache iliyopita niliandika makala fupi ya kuwaelimisha wazazi, nikaiweka kwenye tovuti. Niliipa kichwa hiki: "Huduma ya awali ya mitukutiko inayoambatana na homa kwa watoto walio chini ya umri wa miaka mitano." Niliridhika nayo. Maelezo yalikuwa sahihi, lugha ilikuwa sanifu, na wenzangu wawili waliipitia kabla ya kutoka.

Miezi kadhaa baadaye nilimhudumia wodini mtoto wa miaka mitatu aliyeletwa akiwa hajitambui, baada ya kutukutika mara kadhaa tangu usiku uliotangulia. Mama yake alikuwa na simu yenye intaneti na alisoma vizuri. Nilipomuuliza kama alikuwa ametafuta ushauri popote, alijibu: "Ndiyo, daktari. Niliandika degedege. Yakaja mambo ya kufukiza moshi na namba ya mtu wa dawa." Mtoto alipona, ingawa alikuwa karibu kutupotea. Usiku ule niliifungua makala yangu na kuisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Neno degedege halikuwamo hata mara moja.

Makala hii ni kwa ajili ya mtumishi wa afya anayeanza kuandika katika blogu au tovuti ya kituo chake. Inaeleza misingi ya kazi ambayo kwa kifupi cha Kiingereza huitwa SEO, yaani kuuandaa ukurasa ili injini za utafutaji kama Google ziweze kuupata, kuuelewa na kumwonyesha anayeuhitaji. Sehemu ya mwisho inamhusu mgonjwa anayetafuta.

Injini ya utafutaji hufanya kazi gani?

Injini ya utafutaji hufanya kazi kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kutambaa. Programu maalumu huzunguka mtandaoni usiku na mchana, zikitoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kwa kufuata viungo. Ukurasa usiounganishwa na ukurasa mwingine wowote ni kama zahanati isiyo na njia: huenda isifikiwe kwa muda mrefu.

Hatua ya pili ni kuweka katika fahirisi. Programu husoma maneno ya ukurasa, kichwa chake na maelezo ya picha zake, kisha huhifadhi kumbukumbu hizo katika hazina kubwa. Hufanana na fahirisi iliyo mwishoni mwa kitabu cha tiba, inayokuonyesha kurasa zenye neno unalolitafuta.

Hatua ya tatu ni kupanga majibu. Mtu anapoandika swali, injini haiendi kuzunguka mtandao wote wakati huo. Huangalia fahirisi yake na kuamua ukurasa upi utangulie. Hapa huzingatia mambo mengi: ukurasa unalingana vipi na swali, lugha na mahali alipo muulizaji, ubora wa maelezo, na kama kurasa nyingine zinauelekezea. Wazo hili la mwisho ndilo lililoipa Google nguvu ilipoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Walichukulia kiungo kama kura, na kura ya ukurasa unaoheshimika ikawa na uzito zaidi. Sisi wa fani ya tiba tunalifahamu wazo hili: utafiti unaonukuliwa na wengi huhesabiwa kuwa na uzito.

Google haipokei malipo ili kuuingiza ukurasa katika majibu ya kawaida au kuupandisha. Kinachouzwa ni nafasi za matangazo, nazo huwekewa alama.

Neno la mgonjwa kwanza

Injini za leo hutambua visawe vingi, hasa katika lugha zenye maandishi mengi mtandaoni. Hata hivyo, mwandishi wa Kiswahili asitegemee kwamba mashine itajua yenyewe kuwa mitukutiko ya homa na degedege ni jambo moja. Kazi ya kuyaunganisha maneno hayo ni ya mwandishi.

Tuangalie mifano. Sisi huandika shinikizo la juu la damu. Mgonjwa huandika presha. Sisi huandika kiharusi. Wengi huandika kupooza. Sisi huandika maambukizi katika njia ya mkojo. Karibu kila mtu huandika UTI. Maneno hubadilika pia kwa mahali: katika pwani ya Kenya wapo wanaoliita degedege nyuni, na tahajia nazo hutofautiana, kama degedege na dege dege.

Neno la mgonjwa hubeba pia imani na hofu yake. Wengi wanaosema degedege hawafikirii malaria wala homa ya uti wa mgongo; hufikiri jambo la upepo au la shetani, lisilostahili kupelekwa hospitali. Tukilikwepa neno hilo kwa kuona si la kitaalamu, tunawaachia uwanja wale wanaoliuza pamoja na dawa zao. Tukilitumia, tunapata nafasi ya kusema ukweli chini yake.

Ili kuyapata maneno ya wagonjwa, fanya haya:

1. Sikiliza wanavyojieleza wanapofika kliniki, na uyaandike maneno yao kama yalivyo.
2. Waulize wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni maswali gani huulizwa mara kwa mara.
3. Andika mwanzo wa swali katika Google uone mapendekezo yanayojitokeza. Hayo hutokana na mambo ambayo watu huyatafuta kweli.
4. Tovuti ikishakuwa hewani, tumia Google Search Console. Haina malipo, na huonyesha maneno waliyoyaandika watu ukurasa wako ulipojitokeza katika majibu.

Kuuandaa ukurasa

*Kichwa.* Hiki ndicho mgonjwa hukiona kwanza katika orodha ya majibu. Kiwe kifupi, kiwe na neno la mgonjwa karibu na mwanzo, na kieleze yaliyomo kwa uaminifu. Makala yangu sasa inaitwa: "Degedege kwa mtoto: fanya nini mara moja, na kwa nini umpeleke hospitali."

*Aya ya kwanza.* Jibu swali hapo hapo. Mama mwenye mtoto anayetukutika hana muda wa kusoma historia ya ugonjwa. Aya yangu ya kwanza husema hivi: mlaze mtoto kwa ubavu mahali salama, usiweke kitu chochote mdomoni mwake, usimnyweshe dawa wala maji, usimkandamize, na mpeleke kituo cha afya haraka hata kama degedege limekoma. Aya ya pili huunganisha maneno: degedege, ambalo kitaalamu huitwa mitukutiko, linaweza kuwa dalili ya malaria kali, homa ya uti wa mgongo au homa ya maradhi mengine, na vipimo pekee ndivyo huonyesha chanzo. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuhudumia watoto wagonjwa, mitukutiko ni miongoni mwa dalili za hatari.

*Vichwa vidogo.* Viandike kama maswali ambayo watu huuliza: "Je, degedege ni kifafa?" "Je, degedege huambukiza?" Humsaidia msomaji na huisaidia mashine kuuelewa mpangilio.

*Anwani ya ukurasa.* Iwe na maneno yanayosomeka, kama degedege-kwa-mtoto, badala ya mfululizo wa tarakimu.

*Muhtasari.* Mifumo mingi ya blogu ina nafasi ya kuandika muhtasari wa sentensi moja au mbili. Kwa Google, muhtasari huo haupandishi nafasi ya ukurasa, lakini mara nyingi ndio huonyeshwa chini ya kichwa, nao humshawishi mtu afungue au apite.

*Picha.* Vituo vingi huweka mabango yenye maelezo mazuri yaliyo ndani ya picha tu. Usitegemee kwamba mashine itayasoma yote. Andika maelezo yale yale kama maandishi ya kawaida, na kila picha uipe maelezo mafupi. Maelezo hayo humfaa pia msomaji asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti.

*Viungo.* Kila makala mpya iunganishwe na za zamani zinazohusiana nayo. Kiungo kisomeke "dalili za malaria kwa mtoto", si "bonyeza hapa". Ukiomba hospitali ya wilaya au chuo kiweke kiungo cha ukurasa wako wenye manufaa, unajenga ile kura iliyotajwa hapo juu.

*Wepesi wa ukurasa.* Wasomaji wetu wengi hutumia simu, na bando hulipiwa. Google yenyewe huitazama kwanza sura ya ukurasa kama inavyoonekana kwenye simu. Punguza ukubwa wa picha, kisha ufungue ukurasa wako kwa simu ya bei nafuu uone unachukua muda gani.

Uaminifu katika mambo ya afya

Miongozo ambayo Google huwapa watu wanaotathmini ubora wa majibu yake huziweka kurasa za afya katika kundi linaloweza kugusa fedha au uhai wa mtu. Kwa kundi hilo kipimo ni kikali zaidi. Wanaangalia uzoefu wa mwandishi, utaalamu wake, heshima yake katika fani na, juu ya yote, uaminifu. Alama za watathmini hao hazipandishi wala kushusha ukurasa mmoja mmoja moja kwa moja. Husaidia kupima kama mfumo mzima unafanya kazi vizuri.

Kwa hiyo, kila makala ya afya iwe na jina la mwandishi, sifa yake ya kitaaluma, jina la kituo, tarehe ya kuandikwa na tarehe ya kupitiwa upya. Mwongozo wa tiba ukibadilika, rekebisha ukurasa. Makala ya zamani yenye dozi iliyokwisha kuachwa inaweza kuendelea kujitokeza kwa miaka mingi, nayo huweza kumdhuru mtu ambaye hujawahi kumwona.

Mambo ya kuepuka

Usirudie neno moja mara nyingi kupita kiasi kwa kudhani kwamba mashine itafurahi. Injini hutambua hila hiyo na huweza kuushusha ukurasa. Usinunue viungo. Usinakili makala ya mwingine. Usiandike kichwa cha kutisha au cha kuahidi tiba isiyokuwapo. Na usichapishe kisa cha mgonjwa kwa namna inayoweza kumtambulisha; siri ya mgonjwa haiishii mlangoni mwa kliniki.

Kuwa na subira pia. Mabadiliko huweza kuonekana baada ya saa chache au baada ya miezi. Ili kuangalia kama ukurasa umeingia katika fahirisi ya Google, andika site: ikifuatiwa mara moja na anwani ya tovuti yako, bila nafasi kati yake. Usipouona ukurasa, hakikisha kuna kiungo kinachoelekea kwake, kisha uombe usomwe kupitia Search Console.

Kwa mgonjwa na mlezi

Ndugu msomaji, ukurasa unaotangulia katika majibu umelingana na maneno uliyoyaandika. Hilo peke yake halithibitishi kwamba unasema kweli. Kabla ya kuufuata, jiulize maswali manne. Nani ameandika, na sifa yake imetajwa? Umeandikwa au kupitiwa lini? Je, anayekushauri ndiye anayekuuzia dawa? Je, taasisi nyingine ya afya inasema vivyo hivyo? Ukiona neno kama "inaponya magonjwa yote" pamoja na namba ya simu, ondoka.

Siku hizi injini nyingine huweka juu jibu lililotungwa na akili mnemba kutoka kurasa mbalimbali. Jibu hilo nalo huweza kukosea. Fungua kurasa zilizotajwa uzisome.

Zipo pia hali zisizopaswa kusubiri utafutaji: mtoto anayetukutika, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, au asiyejitambua. Huyo apelekwe kituo cha afya kwanza. Simu itasomwa baadaye.

Hitimisho

Mambo ya kiufundi niliyoyaeleza hapa yanaweza kujifunzwa kwa siku chache. Lililo gumu kwetu wataalamu ni kukubali kuanza na neno la mgonjwa, hata pale tunapoliona si sahihi, kisha kumwongoza kutoka hapo hadi kwenye maelezo sahihi. Ndivyo tunavyofanya kila siku tunapochukua historia ya ugonjwa: tunauliza, tunasikiliza, na tunaandika lalamiko kuu kwa maneno yake mwenyewe.

Nakushauri uanze na makala moja uliyokwisha kuiandika. Isome ukitafuta neno ambalo mama, katikati ya usiku, angeliandika kwenye simu yake. Kama halimo, liweke katika kichwa leo.