Njugu Tupu: Chokaa na Fosfeti Katika Udongo Mchachu



Sote tuliopanda miche mipya ya mikarafuu twaijua tabu ya miaka ile sita au saba ya mwanzo, ambapo shamba halitoi karafuu hata konzi moja, na palizi yataka kulipwa. Ndiyo sababu wengi hupanda njugu nyasa baina ya mistari, na ni jambo jema. Lakini katika ardhi yenye kuoshwa sana na mvua, mara nyingi majani hustawi vizuri, na siku ya kung'oa maganda huonekana mengi. Ukiyabonyeza, hamna kitu. Mkulima hulaumu mbegu. Mwaka wa pili hununua mbegu nyingine kwa fedha za kukopa, na mambo huwa yale yale.

Mara nyingi kosa si la mbegu bali ni la udongo mchachu. Mvua za masika, mwaka baada ya mwaka, huiosha kalsiamu iliyomo ardhini ikashuka chini. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH: kadiri tarakimu inavyoshuka chini ya 7, ndivyo uchachu unavyozidi. Njugu hupenda kiasi cha 5.5 hata 6.5. Chini ya hapo alumini iliyomo udongoni huyeyuka, na mizizi ikavia. Tena fosforasi hukamatwa na alumini na chuma, mmea usiipate. Ng'oa shina moja linapotoa maua, upasue vinundu vya mizizini: vikiwa vyekundu ndani vinafanya kazi; vikiwa vyeupe au vya kijani, havina faida.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Ua la njugu likishashika, hutoa kikonyo kinachoinama na kuchoma ardhi, na huko chini ndiko ganda linakokua. Ganda hilo halipati kalsiamu ya kutosha kutoka majanini. Hulazimika kuifyonza lenyewe kutoka udongo uliolizunguka. Kwa hiyo mmea waweza kupendeza kwa juu na maganda yakawa matupu. Basi chokaa iwe katika udongo wa juu, pale maganda yatakapokaa. Ukiifukia chini sana umeipoteza.

Chokaa tunayo wenyewe, kwani visiwa vyetu vina mawe ya matumbawe tele. Yaliyosagwa bila kuchomwa yatosha kabisa, wala hayamalizi kuni. Ya tanuu iliyozimwa kwa maji ina nguvu zaidi: kilo 74 zake, ikiwa safi, ni sawa na kilo 100 za mawe yaliyosagwa. Ile isiyozimwa huunguza macho na ngozi, afadhali uiache kwa waashi. Mwaga chokaa wiki nne hata sita kabla ya kupanda, uichanganye na udongo kwa jembe. Usiichanganye na samadi wala na mbolea ya amonia, maana naitrojeni itaruka hewani. Mwenye shamba la maweni asihangaike. Ardhi yake imekaa juu ya matumbawe, na chokaa inayo tayari.

Chokaa haifanyi kazi ya fosfeti, wala fosfeti haifanyi kazi ya chokaa. Fosforasi ndiyo inayokuza mizizi na kuvipa nguvu vinundu. Mbolea ya TSP ina asilimia 46 ya fosfeti. Itie mferejini wakati wa kupanda, chini kidogo ya mbegu na kando yake, isigusane nayo. Yako pia mawe ya fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ambayo huyeyuka kwa ule ule uchachu wa udongo. Ukitia chokaa nyingi mahali hapo, unayazuia.

Msikimbilie kununua magunia. Mpelekeeni Bwana Shamba udongo ukapimwe, kisha fanyeni jaribio dogo. Pima vipande vinne, kila kimoja mita 5 kwa mita 4. Cha kwanza usitie kitu. Cha pili tia kilo 2 za mawe yaliyosagwa. Cha tatu tia gramu 200 za TSP. Cha nne tia vyote viwili. Panda mbegu moja, siku moja, kwa nafasi moja, na palilia vyote sawa. Wakati wa kuvuna usihesabu maganda: yakaushe, yabanje, upime kokwa. Ikiwa kipande cha tatu hakikupita cha kwanza, lakini cha nne kimepita vyote, utajua kwamba fosfeti peke yake shambani mwako ni hasara. Mtu aliyenunua TSP pekee kwa misimu miwili angependa kulijua hilo mapema.

Na chokaa isizidi. Ikizidi, mmea hukosa zinki na chuma, majani yakawa manjano. Wala usiimwage shinani mwa mikarafuu, ambayo haikuililia. Acha nafasi ya kutosha, na jembe lisiikate mizizi yake iliyo juu juu.

Wenye kutaka kujaribu vuli ijayo na waanze kupima vipande vyao sasa, kwani chokaa ikitiwa siku ya kupanda huwa haijapata muda wa kufanya kazi.