Simba Anahitaji Pori Kubwa Kiasi Gani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sisi wa Korogwe na Handeni ni majirani wa wanyama pori. Kaskazini yetu iko Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, na upande wa pwani iko Saadani. Watu wengi huuliza: pori lote lile ni la nini, na wakulima wanakosa mashamba? Swali hili ni la haki, na linataka jibu la hesabu.

1. Kipimo ni chakula

Mnyama alaye nyama hapimiwi pori kwa ukubwa wa mwili wake, bali kwa wingi wa windo lake. Mtazame chui milia wa Asia. Katika hifadhi ya Chitwan, Nepal, penye windo jingi, jike mmoja hutosheka na kilomita za mraba 20 hivi. Mashariki ya mbali ya Urusi, penye baridi kali na windo haba, jike huhitaji kama 400. Mnyama ni yule yule, riziki ndiyo iliyotofautiana.

Simba wetu ni vivyo hivyo. Kundi moja laweza kutosheka na kilomita za mraba 20 penye nyama tele, na likahitaji 400 au zaidi kwenye nyika kavu.

2. Hesabu ya Mkomazi

Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikawa hifadhi ya taifa 2008. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,245. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kila kundi la simba linahitaji 200. Gawanya: 3,245 kwa 200 ni 16 na kidogo. Kumbe pori lile linaloonekana halina mwisho lingetosha makundi 16 tu! Mbwa mwitu ndio huhitaji zaidi, kwani kundi lao moja huzunguka mamia ya kilomita za mraba.

3. Pori lisilo na mlango

Ukubwa peke yake hautoshi. Simba dume akifika miaka 2 au 3 hufukuzwa kwao, akatafute makazi na majike wa ukoo mwingine. Akikosa njia, ndugu huzaana wao kwa wao na kizazi hudhoofika.

Mfano ni kreta ya Ngorongoro, yenye kilomita za mraba 260 hivi. Mwaka 1962 nzi waumao waliwashambulia simba wa humo, wakabaki kama 10. Baadaye waliongezeka, lakini wengi wao ni uzao wa wale wachache. Mkomazi ina nafuu, kwa kuwa imepakana na Tsavo ya Kenya, yenye zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mlango ule ukifungwa, hesabu yetu yote itaharibika.

4. Na haki ya watu?

Kutenga ardhi si jambo geni katika Uislamu. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliufanya mzunguko wa maili 12 wa Madina kuwa himaa, yaani eneo lililohifadhiwa. Sayyidna Umar (R.A.) naye alipomweka msimamizi wa himaa, alimwonya aogope dua ya aliyedhulumiwa, na amruhusu mwenye mifugo michache aingie kuchunga.

Jambo hili linatugusa. Wafugaji waliondolewa Mkomazi mwaka 1988. Kuanzia 2022, watu kutoka Ngorongoro walihamishiwa Msomera, Handeni, nao leo ni jirani zetu. Kwa hiyo anayepima pori la simba asisahau kupima ardhi ya mwanadamu: achukue kinachohitajika kwa elimu, na anayehama apate haki yake kamili.

Nasi tuna wajibu. Tujenge mazizi imara, tutoe taarifa kwa maafisa wa wanyama pori, na tusitege sumu kwenye mizoga, kwani huua hata ndege na mbwa wasio na kosa.

Maswali

1. Kwa nini chui milia wa Urusi huhitaji eneo kubwa kuliko wa Nepal?
2. Ikiwa kila kundi linahitaji kilomita za mraba 400, Mkomazi itatosha makundi mangapi?
3. Eleza hasara ya pori lisilo na mlango.
4. Umar (R.A.) alimwonya nini msimamizi wa himaa?

Wabillahi tawfiq.