Somo la Madereva na Mafundi: Kabureta, Manifoldi na Petroli Inayopotea



Madereva wa pikapu wanaofanya kazi kati ya Tororo na Busia wametuuliza mara nyingi: gari likianza kunywa petroli kupita kiasi, nani alaumiwe? Waajiri wengi hawakawii kujibu. Mpaka uko karibu, petroli huuzwa kwa madumu kando ya barabara, basi dereva ameuza. Sisi tunasema boneti ifunguliwe kwanza.

Kabureta kazi yake ni kuchanganya hewa na petroli. Pistoni ikishuka huvuta hewa. Hewa hiyo hupita katika koo jembamba la kabureta, na kwa kuwa mahali pembamba hewa hukimbia, huinyonya petroli kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Mchanganyiko unaofaa ni kama sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Manifoldi ni yale mabomba yanayoupokea mchanganyiko huo na kuugawia kila silinda. Kipimo cha jeti kinategemea kwamba hewa yote imepita kwenye kabureta. Ikipenya mahali pengine, hesabu imeharibika.

Wako wanaodhani kabureta kubwa ni nguvu, kwa sababu wamesikia sifa za magari ya Marekani. Ni kweli kwamba Pontiac GTO ya mwaka 1964 iliweza kununuliwa ikiwa na kabureta tatu juu ya manifoldi moja. Lakini injini yake ilikuwa ya silinda 8 na karibu lita 6.4, na katika mwendo wa kawaida ilifanya kazi kabureta ya katikati tu. Zile mbili zilifunguka dereva alipokanyaga sana. Hata Datsun 240Z, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ilitoka kiwandani na kabureta mbili kwa silinda 6, na manifoldi iliyotengenezwa kwa ajili yake. Pikapu ya kubebea simenti ni habari nyingine.

Tulipata kesi moja hapa Busia. Mwanachama wetu alikatwa mshahara miezi miwili akidaiwa kuuza petroli ya pikapu, Toyota ya zamani. Tulimwomba mwajiri gari likaguliwe, akakubali kwa shingo upande. Fundi tuliyekwenda naye hakugusa kabureta. Aliiacha injini ingurume polepole, akachukua brashi na maji ya sabuni, akapaka kwenye maungio ya kabureta na manifoldi. Povu likanyonywa ndani, na sauti ya injini ikabadilika pale pale. (Wako wanaopima kwa kunyunyizia petroli. Tumemwona kijana akiungua mikono yote miwili kwa mtindo huo. Maji ya sabuni yanatosha.)

Ilipofunguliwa tukaona mambo. Kabureta ya asili ilikuwa imetolewa, ikawekwa ya injini kubwa zaidi. Matundu ya boliti hayakulingana, kwa hiyo katikati palitiwa bamba la chuma lililochongwa kwa tupa, na gasketi ilikatwa kwenye katoni ya biskuti. Hewa ikapenya, injini ikawa inatetemeka na kuzimika. Fundi wa kwanza, badala ya kuziba hewa, akapanua jeti kwa waya ili petroli iongezeke. Injini ikatulia, kila mtu akaridhika. Lakini gari likipanda na mzigo, hewa ya kwenye ufa huwa kidogo mno kulinganisha na ile ipitayo kabureta, na jeti iliyopanuliwa inaendelea kumwaga. Plagi zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Tena huku tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na hata jeti iliyofaa pwani humwaga zaidi kidogo ikifika kwetu.

Fundi yule hatukumlaumu sana. Alikuwa ameagizwa atumie kilichopo, asinunue kitu.

Lililomwokoa dereva ni daftari. Kila alipojaza petroli aliandika tarehe, lita na kilomita, na kila kifaa kilipobadilishwa aliandika pia. Ukurasa ulionyesha kwamba petroli ilianza kuisha upesi wiki ile ile kabureta ilipobadilishwa. Mwajiri aliusoma mara mbili, akanyamaza. Tunawaomba madereva wote wawe na daftari kama hilo, nalo likae kwao, lisikae ofisini kwa tajiri.

Kabureta ya asili ilisafishwa ikarudishwa na gasketi mpya, na petroli iliyokuwa ikiisha siku moja ikatosha siku mbili kama zamani. Mshahara wa mwezi mmoja umekwisha kurudishwa. Wa mwezi wa pili bado tunaudai. Bamba lile tumelitundika kwenye msumari ofisini kwa tawi letu la Busia, na fundi au dereva atakaye kuliona aje saa za kazi.