Choka na Shoka: Somo la Umbo la Nguvu ya Sauti katika Kinanda cha Umeme

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa fonetiki hufunzwa mapema kwamba 'choka' na 'shoka' hutofautiana kwa sauti moja tu. Huelezwa kuwa 'sh' ni kikwamizo, ilhali 'ch' ni kipasuo-kwamizo. Aghalabu somo huishia hapo. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba tofauti hiyo hiyo ndiyo inayotawala ufundi wa sinthesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti kwa umeme badala ya nyuzi au pumzi, na kwamba ufundi huo unaweza kufundishwa kwa Kiswahili.

Msukumo wa makala ni aibu iliyonipata mwenyewe. Nilipowasilisha pendekezo langu la utafiti kuhusu ushairi wa taarab, mhadhiri mmoja aliniuliza: "Kinanda kinafanya nini katika wimbo huu?" Nilikuwa na kurasa tele kuhusu vina, mizani na istiari. Kuhusu kinanda sikuwa na sentensi hata moja. Nilisikia bayana kwamba kiliiga udi, lakini nikakosa maneno ya kueleza kilivyoiga.

Jaribio la shoka

Rekodi neno 'shoka' kwenye tarakilishi, ukiivuta 'sh' kidogo. Kisha futa sehemu ya mwanzo ya mkwaruzo huo, ubakishe kipande kifupi tu kabla ya irabu. Sasa sikiliza: utasikia 'choka'. Hukuongeza chochote, umeondoa tu ule mwinuko wa polepole wa 'sh', na sauti iliyobaki ikaanza kwa ghafla.

Mnamo 1948, mjini Paris, Pierre Schaeffer wa redio ya Ufaransa alifanya jambo linalofanana na hilo. Alirekodi mlio wa kengele akauondoa mgongo wa mwanzo, na mlio uliosalia haukutambulika tena kuwa wa kengele. Funzo ni moja: sikio haliitambui sauti kwa kidatu chake pekee, bali pia kwa namna nguvu yake inavyopanda na kushuka katika wakati.

Hatua nne

Kwa Kiingereza, mkondo huu wa nguvu huitwa kwa neno lile lile linalotaja bahasha ya barua. Tukilitafsiri neno kwa neno, mwanafunzi wetu atatafuta stempu. Napendekeza 'umbo la nguvu'. Mnamo 1965, mtunzi Vladimir Ussachevsky alimpendekezea Robert Moog, muundaji wa sinthesaiza wa Marekani, namna ya kuligawa umbo hilo katika sehemu nne, ambazo nitaziita hivi:

1. Mpando: muda wa sauti kutoka kimya hadi kilele.
2. Mshuko: muda wa kutoka kilele hadi kiwango cha kudumu.
3. Msimamo: kiwango kinachodumu maadamu kidole kingali kwenye kibao.
4. Mfifio: muda wa kurudi kimya baada ya kidole kuondolewa.

Izingatiwe kwamba mpando, mshuko na mfifio ni vipimo vya muda, ilhali msimamo ni kipimo cha nguvu. Wanaoanza kujifunza hukosea hapo mara nyingi.

Tutazame mifano. Udi una mpando mfupi mno, mshuko wa wastani, na hauna msimamo. Fidla inayopigwa taratibu kwa upinde ina mpando wa polepole na msimamo wa juu. Ngoma ina mpando wa ghafla na mshuko wa haraka. Wahenga waliponena kuwa ngoma ivumayo haidumu, walimlenga binadamu, lakini picha waliyoitumia ni ya fizikia kamili.

Umbo linalobadilika

Hata hivyo, umbo lisilobadilika huzaa sauti mfu. Mpiga udi hagusi kila uzi kwa nguvu sawa, na noti za juu hunyamaza mapema kuliko noti nzito. Kwa hivyo kinanda sharti kiwezeshwe kulibadilisha umbo kulingana na mguso wa kidole na mahali pa kibao.

Yamaha DX7, iliyotolewa mwaka wa 1983, ni mfano mwafaka. Kila noti yake huundwa na vizalisho sita vya mawimbi, na kila kizalisho kina umbo lake lenye kasi nne na viwango vinne. Kasi hupimwa kuanzia 0 hadi 99, na namba kubwa humaanisha mwendo wa haraka. Upo mpangilio wa 0 hadi 7 unaoamua jinsi kizalisho kinavyoitikia mguso, na mwingine wa 0 hadi 7 unaoharakisha maumbo ya noti za juu. Umbo la kizalisho kinachosikika moja kwa moja hutawala nguvu ya sauti. Umbo la kizalisho kinachorekebisha kingine hutawala ung'avu wake.

Zoezi

Katika sinthesaiza yenye vidhibiti hivi, chagua sauti ya ogani. Shusha msimamo hadi sifuri, kisha uweke mshuko wa takriban sekunde moja. Ogani itageuka kuwa kitu kama uzi uliodonolewa. Sasa ruhusu mguso ubadilishe nguvu, kisha fupisha mshuko wa noti za juu. Linganisha sauti hiyo na ile ya kwanza.

Hitimisho

Katika taarab ya kisasa, kinanda cha umeme kimebeba sauti za ala nyingi za awali. Kwa maoni yangu, jambo hili linaugusa ushairi wenyewe. Mpando wa polepole humpisha mwimbaji, konsonanti yake ikasikika kwanza. Mpando wa ghafla unaoangukia silabi ile ile huweza kuifunika, na msikilizaji akapoteza neno lililobeba fumbo. Anayehakiki shairi linaloimbwa kwa kusoma matini pekee hawezi kuligundua hilo.

Istilahi nilizotumia si msahafu. Wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu wazipime, wazikosoe, na wenye bora zaidi wazitoe. Muhimu ni kwamba atakayeulizwa swali nililoulizwa asikose la kujibu.