Kuzuru Watamu: Somo la Kwanza ni Saa ya Maji

Likizo za shule zinapofika, njia panda ya Gede hujaa magari yanayokata kona kuelekea Watamu. Wengi walio ndani ni wageni kutoka Nairobi, bara na nchi za nje. Hata hivyo, wapo wakazi wa Kaunti ya Kilifi waliozaliwa kilomita chache kutoka hapo ambao hawajawahi kuingia magofu ya Gede, kutembea juu ya daraja la mikoko la Mida wala kutazama samaki wa hifadhi ya bahari. Wengine huenda mara moja, wakakuta bahari imekwenda mbali au imejaa mpaka ukutani, kisha wakarudi nyumbani wakisema hapakuwa na la kuona.

Tatizo mara nyingi si mji bali ni saa. Watamu ni mji unaofuata maji. Mahali pa kutembea kwa miguu saa nne asubuhi panaweza kuwa na kina cha kumfunika mtu mzima saa kumi jioni. Somo hili linaeleza jinsi mkazi anavyoweza kupanga matembezi ya siku moja au mbili kwa kufuata maji, akaona mengi, akarudi salama, na kuiacha bahari ikiwa nzima kwa wanaoitegemea.

Bamvua na maji mafu

Katika pwani ya Kenya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa zaidi kidogo ya siku moja. Kutoka kupwa hadi kujaa huchukua saa sita na dakika chache. Kwa sababu hiyo saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Ikiwa leo maji yamepwa kabisa saa nne asubuhi, kesho yatapwa karibu na saa tano kasorobo au saa tano.

Kiasi cha maji nacho hubadilika kulingana na mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya hali hizo mbili inaweza kupita mita tatu. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana. Wavuvi wengi huzihesabu siku hizi kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu. Bamvua huangukia takriban siku tatu za mwanzo wa mwezi, kisha tena kati ya tarehe 14 na 17. Maji mafu huja karibu na tarehe 8 hadi 10, na tena tarehe 22 hadi 25.

Katika pwani yetu siku za bamvua zina tabia moja inayomsaidia msafiri. Maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa karibu saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri. Anayejua hilo anaweza kuchagua siku ya safari akiwa bado nyumbani. Siku yenyewe inapofika, amuulize mvuvi au nahodha saa kamili, au atazame jedwali la maji la mwezi huo.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja

Hapa ndipo wengi hupata ajali. Maji yanapoanza kujaa huenda polepole, kisha hukimbia, halafu hupunguza mwendo tena. Mabaharia hugawa ongezeko lote katika mafungu 12. Saa ya kwanza huleta fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili na ya sita moja.

Tuchukue siku ambayo tofauti ya kupwa na kujaa ni mita tatu. Saa ya kwanza maji hupanda sentimita 25 tu, na mtu aliye kwenye fungu la mchanga huona hakuna haraka. Saa ya tatu pekee huongeza sentimita 75, na ya nne sentimita 75 nyingine. Hicho ni kina cha kumfikia mtoto mdogo kifuani, na kimeongezeka kwa muda wa saa moja. Jambo la hatari zaidi ni kwamba mifereji iliyo kati ya fungu la mchanga na ufuo hujaa kwanza. Mtu anaweza kuwa amesimama pakavu huku njia yake ya kurudi imekwisha kufunikwa.

Kanuni ni fupi: nenda na maji yanayokupwa, na anza kurudi kabla hayajageuka.

Asubuhi ya bamvua: ufuoni kwa miguu

Siku ya bamvua ndiyo siku ya kutembea. Kuanzia saa tatu asubuhi hivi, vile visiwa vidogo vya mawe katika ghuba ya Watamu, vilivyoliwa chini na mawimbi vikabaki na umbo la uyoga, hufikika kwa miguu. Mafungu ya mchanga mweupe hujitokeza, na vidimbwi vilivyobaki kati ya mawe huonyesha kaa, samaki wadogo na pengine pweza aliyejificha shimoni. Kwa mtoto wa shule hili ni darasa la sayansi lisilohitaji maabara.

Viatu vya mpira ni muhimu kwa sababu mawe ni makali na kuna viumbe wenye miiba. Mguu ukanyage mchanga, usikanyage matumbawe. Matumbawe yanafanana na mawe, lakini ni viumbe hai. Yale makubwa ya mviringo hukua takriban sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa ngumi kinachovunjwa kwa hatua moja huenda kilianza kukua kabla mtoto anayekikanyaga hajazaliwa. Samaki hupata maficho na chakula hapo. Mwamba ukifa, mvuvi wa Watamu na wa Uyombo hupoteza samaki, na mama karanga hupoteza cha kukaanga.

Alasiri ya bamvua: Mida

Maji yanayofukuza watu ufuoni ndiyo yanayofungua Mkondo wa Mida. Kadiri bahari inavyojaa, maji huingia mkondoni na kupenya katikati ya mikoko, na mtumbwi unaweza kupita mahali palipokuwa tope asubuhi. Hapo mkazi anaweza kujifunza kutofautisha miti: mkoko wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui, mchu unaochomoza mizizi yake juu ya tope kama penseli, na mlilana unaosimama mbele kabisa kukabili maji.

Kwa wapenda ndege, saa nzuri ni ile maji yanapoanza kupanda. Ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia, ambao huwa wengi kati ya Septemba na Aprili, hula topeni maji yakiwa yamepwa. Maji yanapopanda husukumwa karibu na nchi kavu, na huonekana vizuri kutoka kwenye kibanda kilicho mwisho wa daraja la mbao linalopita kati ya mikoko. Ada ya daraja hilo ina kazi: mpango wa ASSETS, unaoendeshwa na shirika la A Rocha Kenya, hutumia mapato ya utalii kama huo kuwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazoishi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke na Mida. Kwa wazazi hao, mkoko uliosimama una thamani kuliko uliokatwa.

Siku za maji mafu: hifadhi ya bahari

Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968, pamoja na ile ya Malindi, na zote mbili ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Safari ya mashua yenye kioo sakafuni au ya kuogelea kwa miwani hufaa zaidi siku za maji mafu, hasa kwa wanaoanza. Mikondo haivuti sana, na maji huwa matulivu. Msimu nao una uzito: kuanzia Oktoba hadi Machi bahari kwa kawaida huwa shwari kuliko wakati wa kusi, kati ya Mei na Septemba, ambapo upepo huchafua maji na mawimbi huwa makubwa nje ya mwamba.

Kabla ya kuondoka, kila abiria avae jaketi la kuokoa maisha, hata anayejua kuogelea. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuvua wala kuokota makombe na matumbawe. Kuwalisha samaki mkate nako si ukarimu. Chakula hicho si chao, na huwabadilisha tabia. Nahodha anayekataa kumrushia samaki mkate ili kumfurahisha mgeni analinda kazi yake ya kesho.

Usiku: kasa

Kasa jike hupanda ufuoni usiku na kutaga juu ya mstari ambao maji ya bamvua hayafiki. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Watoto wanapototolewa huelekea kwenye mwangaza wa bahari, hivyo taa za hoteli, tochi na moto wa ufuoni huweza kuwapoteza njia. Anayebahatika kumwona kasa akitaga akae mbali nyuma yake, azime tochi na asipige picha kwa mwanga. Kumuua kasa au kuchukua mayai yake ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Asiyebahatika usiku anaweza kuzuru mchana kituo cha Local Ocean Conservation mjini Watamu, ambako kasa waliojeruhiwa au kuugua hutibiwa na kurudishwa baharini.

Saa yoyote: Gede na msitu

Maji yakikataa, Gede haikatai. Mji huu wa mawe, uliojificha chini ya mibuyu na miti mingine ya msituni, ulistawi kwa karne kadhaa na kuachwa katika karne ya 17. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani mwaka 1399. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948. Nyumba nyingi zilipewa majina kwa vitu vilivyopatikana ndani yake, kama Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Kauri. Vipande vya vyombo vya China vilivyofukuliwa huonyesha kwamba wazee wa pwani hii walifanya biashara na ulimwengu muda mrefu kabla ya Vasco da Gama kufika Malindi mwaka 1498. Julai 2024, UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mgeni atazame kuta kwa makini. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale na chokaa, kwa hiyo bahari ndiyo iliyoujenga mji huu pia. Atazame na visima, kisha amuulize mwongozaji jinsi maji matamu yalivyopatikana. Kando ya magofu upo mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wa pembezoni mwa msitu hufuga mabuu ya vipepeo kwa ajili ya kuuza nje. Ng'ambo ya barabara ni Arabuko-Sokoke wenyewe, takriban kilomita mraba 420, msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliobaki katika pwani ya Afrika Mashariki.

Gharama na maandalizi

Kutoka Malindi au Kilifi, matatu humshusha abiria Gede, na tuktuk au bodaboda humfikisha Watamu na Mida. Raia wa Kenya hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wa nje, kwa hiyo kitambulisho kisisahaulike. Malipo ya hifadhi za KWS hufanywa kupitia eCitizen, si kwa fedha taslimu. Bei ya mashua au mtumbwi ipatanwe kabla ya kupanda: ni ya watu wangapi, kwa muda gani, na kama kiingilio kimo ndani. Familia kadhaa zikikodi mashua moja, gharama ya kila mmoja hupungua sana. Maji ya kunywa, kofia na mfuko wa kurudishia taka vikamilishe mzigo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji naye ana haki ya kuwa mgeni kwao, na anayeijua Watamu kwa macho yake ataweza kumwelekeza mwingine, kumkanya anayevunja mwamba, na kumrudisha mtoto ufuoni kabla maji hayajageuka.

Maswali ya kujadili nyumbani na shuleni

1. Leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu? Je, ni bamvua au maji mafu?
2. Maji yamepwa kabisa saa nne asubuhi leo. Keshokutwa yatapwa karibu na saa ngapi?
3. Tofauti ya kupwa na kujaa ikiwa mita 2.4, maji yatapanda sentimita ngapi katika saa ya tatu?
4. Ni nani katika familia au kijiji chako hupata riziki kwa sababu mwamba, mikoko au msitu bado upo?

Majibu: swali la 2, takriban saa tano na dakika 40 asubuhi, swali la 3, sentimita 60. Maswali ya 1 na 4 hujibiwa na wanaoyajadili.