Dondoo Muhimu: Gari Likivuja Maji ya Rejeta

- Soma doa. Usiku tandika kipande cha boksi chini ya injini. Asubuhi, doa la kijani au la waridi huwa ni kulanti (maji ya rejeta); la kahawia au jeusi, oili. Maji matupu mara nyingi ni ya kiyoyozi, si ubovu.
- Subiri injini ipoe. Kamwe usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado ya moto. Maji yenye presha huruka na kubabua uso.
- Fuata unyevu hadi juu. Tone hudondoka mbali na tundu. Kagua ncha za mipira ya rejeta: utando mweupe au wa kijani kwenye klempu ndio alama ya uvujaji.
- Kaza kwa kiasi. Tumia bisibisi; ukizidisha, klempu itakata mpira. Mpira uliopasuka, badilisha.
- Jaza kulanti, washa injini, kagua tena.
- Futa kilichomwagika. Kulanti ni tamu lakini ni sumu. Linda watoto na paka.
- Kinachovuja ni mafuta ya breki? Usiendeshe gari hata hatua moja. Mwite fundi aje lilipo.